Ubao Mrefu Kuliko Ukuta

Ubao ulikuwa mrefu kuliko ukuta. Mama Pindo aliliona hilo siku ile ile mumewe alipouingiza ndani. Yeye alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alipewa na wateja kwa sababu pindo aliloshona halikuwahi kufumuka. Mtu akipita barabarani, Mama Pindo alikijua kiuno chake kabla ya kumjua jina. Kwa hiyo hakuhitaji futi kuona kwamba kati ya mlango wa chumbani na dirisha la sebule, ubao ule ungezidi kwa dhiraa nzima, toka kiwiko mpaka ncha za vidole.

"Meza ya tivii," mumewe alisema huku akijifuta jasho kwa kofia. "Mbao nzima hizi, mama watoto. Siyo yale mavumbi yaliyobandikwa karatasi, ukimwaga chai yanavimba kama andazi. Hii itatuzika sote."

"Tutaiweka wapi?"

"Si pale."

"Pale haitoshi."

"Itatosha tu."

Mumewe alikuwa msoma mita wa maji. Kutwa aliingia nyua za watu, akachuchumaa, akafuta vumbi kwenye kioo kidogo na kuandika tarakimu. Mtu wa kazi hiyo hakosei kipimo kwa dhiraa nzima. Hapo ndipo shaka ilipoanza kumtambaa Mama Pindo kifuani, taratibu, kama sisimizi aliyenusa sukari.

"Umezipata wapi?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Mtu."

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye mkeka, mguu wake mbovu ukiwa juu ya mto. Akacheka bila kumtazama mwanawe. "Siku hizi watu wanagawa mbao? Mimi nikiomba chumvi, jirani ananiuliza nitairudisha lini."

Msoma mita akajifanya kutosikia. Akaziegemeza mbao ukutani, moja moja, akaweka gazeti chini yake zisiguse sakafu yenye unyevu.

*

Jioni zote zilizofuata alifanyia kazi uani, na giza likiingia alihamia sebuleni. Nyumba ikajaa vumbi la randa. Vumbi likatua juu ya sufuria, juu ya vitambaa vya wateja, na kwenye nyusi za mama mkwe, ambaye alisema sasa amezeeka rasmi. Watoto walikatazwa kupitisha hata mpira karibu na mbao.

Mama Pindo alimtazama mumewe akipiga msasa. Alikuwa akipitisha kiganja juu ya ubao, anafumba macho, anatafuta kwa ncha za vidole mahali palipokwaruza, kisha anarudia tena. Katika nyumba hii hakuna kitu kilichowahi kubembelezwa hivyo. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli tangu mvua za mwaka uliopita. Kila alipokumbushwa alisema, "Kesho."

"Njoo unishikie huku," alimwambia siku moja.

Akashika. Rangi ya ubao ilikuwa kama asali iliyokaa, na mistari yake ilipinda mwendo mrefu bila kukatika, kwa kuwa ulikuwa ubao mmoja, haukuunganishwa popote. Mama Pindo akajikuta akiusifu kimoyomoyo, na hapo hapo akakasirika. Kitu kizuri namna hii, na hakikukatwa kwa ajili ya ukuta wake!

"Unajua unazidi," alisema.

"Nini?"

"Huu. Kwa hapa kwetu unazidi."

Mumewe akaugeuza msasa mkononi. "Tutaona," akasema. Halafu akaanza kupiga mluzi. Mama Pindo alimjua vizuri: mumewe hupiga mluzi akiwa na jambo mdomoni ambalo hataki litoke.

*

Mwanamke wa kwanza ambaye Mama Pindo alimdhania alikuwa mjane wa mwalimu.

Mjane huyo aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao. Televisheni yake ilikaa juu ya stuli, na msoma mita aliwahi kumtengenezea bomba bila kudai kitu. Mama Pindo alikata utepe wa kushonea kwa urefu ule ule wa ubao, akaukunja, akautia kwenye pochi. Alipompelekea mjane gauni lake ajaribu, alisubiri aingie chumbani kulivaa. Kisha akapiga magoti sebuleni na kuunyoosha utepe ukutani, nyuma ya stuli.

Ulitosha. Ulitosha kabisa, kana kwamba nyumba ilijengwa kwa ajili yake.

"Unapima nini, mwanangu?"

Mjane alikuwa amesimama mlangoni, zipu ya gauni haijafungwa.

"Pazia, Mama."

"Sikukuagiza pazia."

"Nilitaka kukushtukiza."

"Ukuta huo hauna dirisha."

Mama Pindo akabaki amepiga magoti, utepe mkononi. Mjane aliutazama utepe, akaitazama stuli, akamtazama yeye, na taratibu uso wake ukabadilika. Hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Mwanamke akifiwa," alisema, "kila mke mtaani huanza kumhesabu mume wake. Nilijua. Ila wewe sikukutegemea. Wewe ndiye uliyenishonea nguo za msiba." Akaanza kulivua gauni pale pale. "Nirudishie kitambaa changu. Nitamtafuta fundi anayepima watu."

Mama Pindo alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma ili asikutane na mtu. Lakini hata aibu yake haikumtuliza. Alijiambia kwamba mtu asiye na kosa hakasiriki hivyo. Kisha akajiambia kwamba asiye na kosa ndiye hukasirika hivyo. Akafika kwake bila kujua kauli ipi kati ya hizo ni yake.

*

Jirani ambaye mtaa mzima ulimwita Redio hakuhitaji kualikwa. Aliuza sabuni ya maji nyumba kwa nyumba, na habari aliziongeza bure, kama nyongeza ya mteja mzuri.

"Mwenzangu, mimi unanijua si msemaji," alianza, akiwa hajakaa bado. "Ila shemeji nimemwona jana anatoka kwenye ile gesti mpya, ile ya ghorofa. Mchana kweupe, saa za kazi."

"Si anasoma mita."

"Gesti haijafunguliwa, mwenzangu. Maji hawajaunganishiwa." Redio akainama karibu na cherehani. "Mita gani anasoma?"

Mama Pindo aliendelea kushona. Mshono ulikwenda upande, ikabidi aufumue.

Jioni ile mumewe alikuwa bafuni, simu yake ikaita. Haikuonyesha jina, namba tu. Mama Pindo akapokea, na kabla hajasema neno, sauti ya mwanamke ikaanza, nyororo na ya mtu aliyezoea kutiiwa.

"Chumba kimeshapakwa rangi. Ukuta umekauka. Nasubiri wewe tu."

"Wewe nani?"

"Nipe mwenye simu."

"Mimi mke wake."

"Ahaa," sauti ikasema, kama mtu aliyeonyeshwa kitu kidogo sokoni. "Basi mwambie nimepiga." Simu ikakatwa.

Mumewe alitoka bafuni na taulo begani. Mama Pindo alimnyooshea simu bila kusogea.

"Chumba kimepakwa rangi. Unasubiriwa wewe tu."

Msoma mita alipauka. "Ni mambo ya kazi."

"Kazi ya mita ina vyumba vya kupakwa rangi?"

"Mama watoto, nipe siku chache. Utajua."

"Nitajua nini? Sema sasa, mama yako anasikia."

"Mimi nimelala," mama mkwe akasema kutoka kwenye mkeka, macho wazi.

Msoma mita alifungua mdomo. Neno lilikuwa pale, karibu kabisa. Mkubwa wao wa kazi alikuwa amewaita uani, wamesimama, akawaambia kwamba zinakuja mita zinazojisoma zenyewe na kutuma hesabu ofisini, na kwamba wanaozisoma kwa kutembea watafikiriwa baadaye. Tangu siku hiyo alikuwa akitafuta mlango mwingine wa riziki. Ujana wake aliutumia kwenye karakana ya useremala ya mjomba wake, na mkono haukusahau. Mwenye gesti alimpa mbao za mti ulioanguka kwenye kiwanja chake, akampa na kipimo cha ukuta: atengeneze meza moja ya mfano, ikimpendeza atapewa vyumba vyote. Lakini mara ya mwisho alipotangaza mpango, ule wa kufuga kuku, kabla haujaiva, vifaranga walikufa wote kwa kideri, na mashemeji zake wakamwita Jogoo mwaka mzima. Safari hii aliapa kwamba mkewe atasikia habari ikiwa imeshakuwa.

Akafunga mdomo. Akavaa shati, akachukua randa.

*

Asubuhi, watoto walipokwenda shule na mumewe akaenda kwenye mita zake, Mama Pindo alisimama mbele ya ubao. Ulikuwa umelazwa juu ya viti viwili. Pande mbili za kando zilikuwa zimeshaungwa, kila moja na droo zake, ila bado hazijafungwa pamoja. Ubao huu ndio ulikuwa wa juu, uliosubiri gundi tu. Uling'aa kidogo, ingawa ulikuwa haujaonja vanishi.

Alifikiria kuuchoma. Akaona haya. Alifikiria kuuficha, lakini utaficha wapi kitu kirefu kuliko nyumba yako? Mwisho likamjia wazo la fundi cherehani, dogo na la kawaida, wala halikuonekana baya: nguo ikizidi hupunguzwa.

Akachukua chaki yake, akapiga mstari. Akachukua msumeno.

Mwanzoni meno yaliruka na kumkwaruza kidole gumba. Akaushika kwa mikono miwili, akaegemeza goti. Mti ule ulikuwa mgumu, ulilia kila alipovuta, na unga wa rangi ya asali ukamwagika juu ya miguu yake mitupu. Katikati alichoka. Angeweza kuacha. Lakini ubao uliokatwa nusu umeshakatwa, akaendelea.

"Nini huko?" mama mkwe aliita kutoka chumbani.

"Napunguza, Mama."

"Unapunguza nini?"

"Kilichozidi."

Kipande kilianguka sakafuni kwa kishindo kifupi. Akaubeba ule uliobaki, akauweka juu ya pande zake, akausogeza kati ya mlango na dirisha. Ulikaa sawasawa. Kwa muda alihisi wepesi wa mtu aliyemaliza kulia. Meza ilikuwa ya kwake sasa. Haikuweza kuwa ya ukuta mwingine wowote.

Mama mkwe alijikokota mpaka mlangoni, akaegemea fremu. Alikitazama kipande kilichokuwa sakafuni kwa muda mrefu.

"Hiyo nguo," alisema taratibu, "uliuliza ni ya nani?"

*

Msoma mita aliporudi hakugomba. Aliinama, akakiokota kipande, akakinusa kama mtu anayenusa kichwa cha mtoto. Kisha akakaa kwenye kiti kilichokuwa na unga wa mbao bila kuufuta.

"Ilikuwa ya gesti," akasema. Akamweleza yote, kwa sauti ya kusoma tarakimu: mita zinazojisoma, mti ulioanguka, vyumba. Alipomaliza akaongeza, "Na ubao wa upana huu mmoja mzima haupatikani dukani."

"Tangu lini unajua habari za mita?"

"Kabla ya mbao."

"Na ukanyamaza."

"Nilitaka nikuletee jibu. Nilishachoka kukuletea maswali."

"Ungesema tu ni ya gesti."

"Ningesema kuna mwanamke mwenye gesti kanipa mbao za bure. Ungeniamini?"

Mama Pindo alitaka kusema ndiyo. Neno lilikataa kutoka, kwa sababu halikuwa kweli, na wote watatu mle ndani walilijua hilo.

*

Mwenye gesti alikuja mwenyewe, bila kuitwa. Alikuwa mama mzito wa umri wa mama mkwe, ndala zake zikiwa na saruji iliyokauka, funguo nyingi kiunoni. Hakusubiri kukaribishwa kiti. Alichagua ufunguo mmoja, akakwaruza ubao wa droo kwa upande wa ndani, akainama kutazama.

"Ni zangu," alisema. "Nina kawaida ya kukagua. Wa kwanza niliyempa alinirudishia mbao za vumbi, amezipaka rangi ya chai. Zangu akamtengenezea kitanda binti yake." Akarudi nyuma hatua moja, akaitazama meza yote. Uso ukamkunjamana. "Mbona fupi?"

Msoma mita alikuwa amesimama kando ya mlango, mikono nyuma kama mwanafunzi. "Nilikosea kipimo, mama."

"Ulikosea? Kipimo nilikuandikia kwa mkono wangu!"

"Ni uzembe wangu."

Mama Pindo alimtazama mumewe. Hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akiitazama sakafu. Ilikuwa rahisi sana kunyamaza. Aibu ya mume kukosea kipimo ni ndogo, hupita. Aibu ya mke mwenye msumeno ingefika kwa Redio kabla ya adhuhuri. Lakini seremala asiyejua kupima, nani atampa kazi tena? Hapa au kwingine kokote?

"Nimekata mimi," alisema.

Mwenye gesti akageuka, akampima kuanzia kichwani mpaka miguuni. Kisha akatabasamu tabasamu la kuchoka. "Mke mwema. Nami nilikuwa hivyo hivyo. Marehemu akiharibu, mimi nabeba. Lakini usinifanye mtoto, mwanangu."

"Sisemi uongo."

"Mke mwema lazima aseme uongo kidogo."

"Mimi si mke mwema!" Sauti ya Mama Pindo ilipanda mpaka yeye mwenyewe akashtuka. "Mke mwema asingekata. Nilisikia sauti yako kwenye simu, chumba kimepakwa rangi, unasubiriwa wewe tu. Nikajua anajenga nyumba nyingine. Nikakata."

"Amekata yeye," mama mkwe akadakia. "Nilimsikia. Alikata kama anachinja ng'ombe."

"Na wewe ni mama mzazi wa mtuhumiwa," mwenye gesti akasema. "Nyumba nzima mashahidi wa upande mmoja." Akaenda kukaa kwenye kiti, kikalalamika chini yake. Akakisukuma kile kipande kwa ncha ya ndala. "Haya. Kata tena, nione."

Mama Pindo alikiweka kipande juu ya kiti kingine, akashika msumeno kwa mikono miwili, akaegemeza goti. Alikata mbele ya mumewe, mbele ya mama mkwe, mbele ya mwanamke aliyemdhania, huku jasho likimtiririkia puani asiweze kulifuta. Watu wawili waliokuwa wakipita walisimama dirishani. Alipofika mwisho, mkato ulikuwa umeenda mrama kwa chini, ukavutwa kushoto.

Mwenye gesti aliushika, akaulinganisha na mkato wa meza. Ulikuwa umevutwa kushoto vile vile, mahali pale pale. Kisha akaenda upande wa pili wa meza, alikokata msoma mita, akapitisha ukucha. Huko palikuwa pamenyooka kama maji kwenye beseni.

"Kumbe," alisema. Akamgeukia Mama Pindo. "Ulidhani mimi ni mke mwenzako?"

"Nilidhani."

"Na umri huu?"

"Sauti yako kwenye simu haina umri, mama."

Mkono wa mwenye gesti ulipanda wenyewe ukaiweka sawa kanga kichwani. Alikohoa ili kuficha tabasamu lililomjia midomoni.

"Ubao wa namna hii nimebaki nao mmoja," alimwambia msoma mita, sauti imerudi kuwa ya kazi. "Nitakupa. Huu ulioharibika nitaukata kwenye ujira wako wa kwanza, kama huo ujira utakuwepo. Lakini kazi itafanyika kwangu, ndani ya gesti, toka asubuhi mpaka jioni. Mbao zangu hazilali tena kwenye nyumba yenye wivu na msumeno." Akasimama, akamtazama Mama Pindo. "Umesikia? Kwangu. Kila siku. Unakubali, au nimtafute mwingine?"

Kwa mara ya kwanza tangu mbao ziingie, msoma mita alimtazama mkewe moja kwa moja, na Mama Pindo akaona kwamba mumewe hajui kabisa mkewe atajibu nini. Kumbe hata mumewe alikuwa na shaka.

"Aende," Mama Pindo akasema.

*

Mita mpya zilipofungwa, msoma mita alirudisha kofia na buti za kazi. Mtunza stoo alizikung'uta buti chini juu, kuhakikisha hakuna kilichofichwa ndani. Kesho yake aliondoka na mfuko wa randa na patasi.

"Unataka kuja uone?" aliuliza mlangoni. "Uone vyumba, uone na ukuta wenyewe. Uridhike."

Mama Pindo alitamani kwenda. Alitamani mpaka vidole vikamwasha. "Nina kazi," alisema, na kumpa chakula chake kilichofungwa kitambaani.

Jua lilikuwa bado halijafika kwenye kizingiti Redio alipotokea na ndoo yake ya sabuni.

"Mwenzangu, shemeji huyo! Nimemwona sasa hivi anaingia gesti, na mfuko kabisa."

"Najua. Nimemfungia chakula mwenyewe."

Redio akakosa pa kushika. Akaizungusha ndoo, akatazama huku na huku, kisha akainama. "Sawa. Ila yule mama ana binti, unamjua? Karudi juzi kutoka masomoni. Eti ndiye atakayekaa mapokezi. Mimi sisemi kitu, nimemwona tu, ana mwendo…"

Mguu wa Mama Pindo ulisimama juu ya pedali. Sindano ilibaki imezama ndani ya kitambaa. Kwa muda huo mfupi aliiona gesti yote, ngazi zake, milango yake mipya, na mumewe akipitisha kiganja juu ya ubao huku amefumba macho.

Kisha akakanyaga. Akakanyaga kwa nguvu, mbio, mshono ukienda mrefu na kunyooka, mpaka sauti ya cherehani ikajaa barazani. Redio aliendelea kusema. Midomo yake ilionekana ikienda, na mkono wake ukionyesha urefu wa yule binti, lakini maneno hayakufika.